Ripoti Iliyokuja Nyuma ya Jiwe la Msingi

Kuna aina ya maandishi ambayo katika nchi yetu huandikwa kwa wingi kuliko riwaya, na kusomwa na watu wachache kuliko diwani za mashairi. Ni ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira. Kila mradi mkubwa una yake: barabara, bwawa, mgodi, bomba. Wahakiki wetu hawazigusi kwa kuwa si fasihi. Wahandisi hawazihakiki kwa kuwa kwao ni kibali tu cha kuanzia kazi. Na wananchi ambao habari zao zimo humo aghalabu hawazioni, au wakiziona, haziko katika lugha yao. Mimi nimestaafu, muda ninao, na umri wangu karibu wote nimeumaliza nikisoma maandishi ya wengine huku kalamu nyekundu iko mkononi. Kwa hiyo naomba ruhusa ya msomaji nizisahihishe kidogo, hasa zinazohusu bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga.

Msomaji wa huku kwetu Kiberege atauliza: bomba hilo linatuhusu nini? Mkuza wake kwa upande wa Tanzania unapita mikoa minane, yaani Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Morogoro haimo. Ni kweli. Lakini sisi wa bonde la Kilombero tulikwisha kulipia somo hili, tena kwa bei kubwa, kabla watu wa Missenyi na Nzega hawajasikia neno mkuza. Na isitoshe, mafuta yaliwahi kutafutwa chini ya miguu yetu wenyewe. Nitayafikia yote mawili.

Mabomba ya mafuta si jambo geni Tanzania. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wa upande mmoja, Zambia ilijikuta imekatiwa njia ya mafuta iliyokuwa ikipitia kusini. Ndipo likajengwa bomba la TAZAMA, kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Lilipita Morogoro na Mikumi, likapanda Iringa hadi Mbeya. Sisi tulibaki upande wa pili wa milima ya Udzungwa tukiingojea reli ya TAZARA, ambayo nayo ilikuja. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi. Sikusikia mtu akiuliza bomba litavuka mito mingapi, wala mafuta yakimwagika Mikumi nyumbu watakunywa wapi. Sheria ya kuuliza haikuwapo, na hata ingekuwapo, jirani alikuwa amekabwa koo. Mtu aliyekabwa koo huwezi kumwambia asubiri ripoti. Siwalaumu waliojenga TAZAMA. Ninachosema ni kwamba udhuru ule ulikuwa wa wakati ule. Mafuta ya Uganda yalithibitishwa mwaka 2006 kwenye bonde la Ziwa Albert, na njia ya bomba ikatangazwa Aprili 2016. Hiyo ni miaka kumi. Katika miaka kumi mtoto huanza darasa la kwanza akamaliza kidato cha tatu. Muda wa kuuliza ulikuwapo.

Sasa nije Kihansi, maana bila Kihansi haya ninayosema yataonekana kuwa maneno ya mzee asiyependa maendeleo.

Mto Kihansi unatoka juu, upande wa Mufindi, ukateremka ukingo wa Udzungwa kuja bondeni kwetu. Katika korongo lake maji yalikuwa yakianguka hatua kwa hatua, mteremko wa zaidi ya mita 800 kwa jumla, na chini ya maporomoko manyunyu hayakukatika mwaka mzima. Wahandisi walipoutazama mteremko ule waliona umeme, na hawakukosea. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha za wafadhili wengine, ukajengwa mtambo wa megawati 180. Nchi ilikuwa gizani. Wenye umri wangu wanakumbuka mgawo wa umeme wa miaka ile ya 1990, na sisi wa vijijini ambao hata huo mgawo hatukuwa nao tunakumbuka zaidi.

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kupamba moto, watafiti waliokwenda kuangalia viumbe vya korongo lile walimkuta chura mdogo wa rangi ya manjano kama dhahabu. Urefu wake hauzidi sentimita 3. Hatagi mayai, anazaa vyura wadogo waliokamilika. Na katika dunia nzima alikuwa akiishi mahali pamoja tu, kwenye majani yaliyolowa manyunyu ya Kihansi, eneo la hektari chache ambalo ukilitazama ni kama viwanja kadhaa vya mpira. Wataalamu walipomaliza kumpa jina lake la kisayansi, handaki la kupitishia maji lilikuwa tayari.

Maji yalipogeuzwa, mto ulibakiwa na kama sehemu moja ya kumi ya maji yake. Manyunyu yakakatika. Hapo ndipo hangaiko lilipoanza. Yalitandikwa mabomba yenye vinyunyizio vya kutengeneza manyunyu ya bandia, jambo ambalo kwa maneno ya shambani ni kuukausha mto na kisha kuumwagilia. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakasafirishwa kwa ndege hadi Marekani kulelewa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Waliobaki korongoni waliongezeka kwa muda, kisha mwaka 2003 wakafa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Mwaka 2010 baadhi ya wazao wa wale waliochukuliwa walirudishwa nchini wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Habari hii iligeuka mzaha wa taifa. Ukitaka kumcheka mtu anayehangaikia jambo dogo, unamwambia anatetea vyura wa Kihansi. Na swali lililokuwa likiulizwa vijiweni, tena hata na watu wenye shahada, lilikuwa moja: umeme au chura?

Mimi nimefundisha muda mrefu kiasi cha kulitambua swali la hila. Swali hilo halikuwa la lazima. Lilizaliwa na mpangilio wa kazi. Laiti mtu angeteremka korongoni na daftari lake kabla mchoro wa mtambo haujakamilika, swali lingekuwa jingine kabisa: tuache maji kiasi gani yapite njia yake, ili tupate umeme na manyunyu yabaki? Hilo ni swali la hesabu, linajibika kwa kalamu na karatasi. Lakini zege likishamwagwa, hesabu inageuka ugomvi. Kila tone linalorudishwa mtoni linaonekana kuwa umeme ulioibwa, na chura anaonekana kuwa mwizi. Na fedha za vinyunyizio, ndege, wataalamu na maabara hazikuwamo katika bei ya mtambo tuliyotangaziwa. Zililipwa baadaye, na bado zinalipwa.

Taifa lilijifunza kitu. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na ndani yake imeandikwa kwamba tathmini ya athari kwa mazingira itafanywa kabla mradi haujaanza au kupewa fedha. Ninaomba msomaji alipigie mstari neno *kabla*. Thamani ya sheria ile yote, kwa maoni yangu, imo katika neno hilo moja.

Tukiwa na neno hilo mkononi, tutazame tarehe za bomba. Aprili 2016 Uganda ilitangaza kwamba bomba litakwenda Tanga na si Lamu nchini Kenya. Mei 2017 nchi mbili zilitia saini mkataba. Tarehe 5 Agosti 2017, marais wawili, John Magufuli na Yoweri Museveni, waliweka jiwe la msingi Chongoleani. Ripoti ya tathmini ya mazingira ya upande wa Tanzania ilikamilishwa baada ya hayo yote. Mwanasheria atanisahihisha: jiwe la msingi si ujenzi, mashine za kuchimba zilikuja miaka mingi baadaye, kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Nakubali. Herufi ya sheria ilitimizwa. Lakini mimi nauliza swali la kialimu. Mwanafunzi anapofanya mtihani, lazima kuwe na uwezekano wa kufeli. Usipokuwapo, ule si mtihani, ni zoezi la mwandiko. Ripoti iliyoandikwa wakati jiwe limekwisha kuwekwa mbele ya marais wawili, bendera zinapepea na ngoma zinalia, ingeweza kusema nini? Ingeweza kusema bomba lisogee kidogo kushoto. Ingeweza kusema lifukiwe zaidi hapa, lizungushwe pale. Isingeweza kusema lisijengwe, wala lisije Tanga. Maswali makubwa yalikuwa yamekwisha kujibiwa, na yalijibiwa mahali ambapo mtaalamu wa mazingira hakuwa na kiti.

Sisemi kwamba ripoti haikufanya kazi. Kusogeza mstari kushoto kunaweza kuokoa chemchemi, na makaburi ya watu pia. Hili ni bomba la kilometa 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko kwetu. Limefukiwa kwenye mkuza wa upana wa mita 30, na linapashwa joto lisipungue nyuzi 50 hivi, kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta na yakipoa huganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya Julai. Limepangwa kupitisha mapipa 216,000 kwa siku. Kitu cha namna hiyo kinapovuka mto Kagera, kikapita eneo lililokuwa Pori la Akiba la Biharamulo na kukatiza mbuga ya Wembere, kila mita moja ya kusogeza ina maana yake. Na mwisho wake ni baharini, mbele ya wavuvi wa Chongoleani, karibu na maji ya Hifadhi ya Silikanti ya Tanga iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zamani za kale, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. (Chura kule, samaki huku. Inaonekana viumbe adimu vina mkosi wa kuishi mahali pale pale wahandisi wanapopapenda.) Waliofanya kazi ya kusogeza mistari walifanya kazi ya maana. Lakini walikabidhiwa nusu ya kazi.

Yaliyotokea mahakamani yanaonyesha jambo hili wazi kuliko ninavyoweza kulieleza mimi. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia yalifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, yakidai pamoja na mengine kwamba mradi huu haukuzingatia mazingira na ushirikishwaji wa wananchi. Tarehe 29 Novemba 2023 mahakama ililitupa shauri hilo. Haikusema kwamba mazingira yako salama, wala kwamba hayako salama. Ilisema walalamikaji wamechelewa. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu ya kulalamika, na miezi hiyo, kwa hesabu ya mahakama, ilianza kuhesabiwa tangu mkataba wa bomba wa mwaka 2017. Walalamikaji walikata rufaa.

Msomaji aziweke tarehe hizo sambamba. Mwananchi alitakiwa awe amelalamikia athari za bomba ndani ya miezi miwili tangu Mei 2017. Ripoti ya kumweleza athari hizo ilikuwa bado haijaandikwa. Kwa hiyo ripoti ikija nyuma ya jiwe haikuchelewa, lakini mwananchi aliyengoja kwanza aisome ripoti alichelewa. Majaji walisoma mkataba kama ulivyoandikwa, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kalenda.

Nije kwenye lugha, maana hapo ndipo kalamu yangu nyekundu inapowasha.

Ripoti kamili za miradi hii zinaandikwa kwa Kiingereza, majuzuu kwa majuzuu. Kanuni zetu za mwaka 2005 zinataka muhtasari uandikwe kwa Kiswahili pia, na hilo ni jema. Ila Kiswahili chenyewe kinachotoka humo ni cha kusikitisha. Sitanukuu ukurasa wa mtu, nitunge mfano wangu mwenyewe wa sentensi ya namna hiyo, na aliyewahi kusoma mihtasari ataitambua sura yake: "Athari kwa vyanzo vya maji zitapunguzwa na hali itafuatiliwa." Kisarufi haina kosa. Lakini tazama vitenzi. *Zitapunguzwa. Itafuatiliwa.* Na nani? Kauli ya kutendwa ina kazi yake katika lugha, na moja ya kazi hizo ni kumficha mtendaji. Mtoto akivunja chungu husema, "Mama, chungu kimevunjika." Tunamcheka kwa kuwa tunajua anachokificha. Ripoti ikisema maji yatalindwa, hatucheki, tunapiga mhuri. Ningekuwa na mamlaka, ningeamuru kila sentensi ya aina hiyo iandikwe upya kwa kauli ya kutenda: fulani, mwenye cheo hiki, atapima maji ya kisima hiki kila mwezi fulani, na akikuta mafuta atamwambia mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo. Nusu ya sentensi zingeanguka zenyewe kwa kukosa kiima.

Lipo na neno *kuguswa*. Watu wanaopoteza ardhi au mazao kwa ajili ya bomba wanaitwa waguswa wa mradi. Kwa upande wa Tanzania idadi yao inazidi 9,000. Neno hili nimelifikiria sana. Kugusa ni jambo jepesi. Mtu anakugusa bega msikitini au kanisani, unageuka, yamekwisha. Mtu ambaye shamba lake lilithaminiwa mwaka 2018, akaambiwa asiongeze mazao ya kudumu kwa kuwa ardhi ile imekwisha kuingizwa katika hesabu, kisha akangoja hadi 2021 au zaidi ndipo fidia ianze kulipwa, huyo hakuguswa. Miaka mitatu ya mkulima ni mihogo aliyoiacha kupanda, na ni ada ya shule ambayo haikupatikana. Kiswahili kina maneno mengi ya hali hiyo: kupisha, kuhamishwa, kupotezewa, kucheleweshewa. Anayetafuta neno laini kuliko yote ana jambo analolikwepa. Wengine wamelipwa na wakajengewa nyumba nzuri za bati, na wanaposhukuru wana haki ya kushukuru. Bado neno ni baya.

Nimesema hayo bila kujiunga na kila anayelipinga bomba. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulaumu mradi huu, na wengi huku kwetu walikasirika. Hasira ile naielewa. Mataifa yaliyochimba na kuchoma ya kwao kwa zaidi ya miaka mia yanapokuja kumwambia Mganda asichimbe yake, ni sawa na mtu aliyeshiba anayewahubiria wenye njaa habari za saumu. Na mwenye asilimia 62 ya hisa za bomba ni TotalEnergies, kampuni ya Ufaransa, wakati sisi kwa shirika letu la TPDC tuna 15, Uganda 15, na Wachina wa CNOOC 8. Lakini jambo halifutiki kuwa swali kwa sababu limeulizwa na mtu asiye na haki ya kuuliza. Moshi wa mapipa 216,000 kwa siku, popote yatakapochomwa, utaingia katika anga ile ile inayotuletea mvua za Kilombero. Ningefurahi zaidi kama azimio la namna hiyo lingetoka Dodoma au Kampala, hata kama mwisho wake lingesema: tumeyapima yote na bado tunajenga. Hapo tungekuwa tumewajibika. Kukasirikia Wazungu kunaweza kutunyima nafasi ya kujihoji wenyewe.

Sasa nirudi bondeni. Februari 2012 serikali ilitoa leseni ya kutafuta mafuta na gesi katika kitalu cha Kilosa–Kilombero kwa kampuni ya Swala. Ukafuata upimaji wa mitetemo ya ardhi, hisa zikauzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2014, na mahali pa kuchimba kisima cha kwanza pakapewa jina, Kito-1. Kisima hakikuchimbwa. Kampuni ikaishiwa nguvu, mambo yakanyamaza. Katika siku zile watu walionijia kunisomesha magazeti waliuliza jambo moja tu, ajira zitaanza lini, na ni swali la haki kwa kijana asiye na kazi. Lakini tujiulize: kisima kingetoa mafuta, mafuta yangetokaje humu? Kwa bomba, bila shaka. Na bomba lingepita wapi?

Bonde hili ni eneo oevu lililoandikishwa mwaka 2002 katika Mkataba wa Ramsar, karibu hektari 800,000. Sheshe wengi kuliko mahali pengine popote walikuwa hapa. Yupo na ndege, kwera wa Kilombero, ambaye sayansi ilimtambua mwaka 1990 na hapatikani nje ya bonde hili. Wandamba waliishi kwa mto huu kabla ya boma la Kiberege kujengwa, na mpaka leo kambale na kitoga wanaoliwa Ifakara wanatoka humo. Zaidi ya nusu ya maji ya mto Rufiji yanatoka Kilombero. Maana yake, pipa moja likivuja hapa, njia yake imekwisha kuchorwa na Mungu: litateremka hadi Bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115, na baada ya bwawa kuna mikoko ya delta na kamba wa watu wa huko. Bomba la hapa lisingekuwa la kata yetu peke yake.

Miamba iliyopimwa ingali pale pale, na bei ya mafuta hupanda na kushuka. Leseni nyingine inaweza kuombwa mwaka wowote. Kwa hiyo mimi nikipewa ripoti yoyote ya namna hii sianzii ukurasa wa kwanza. Naanzia sura ya mibadala, pale ambapo mwandishi anatakiwa aeleze njia nyingine, pamoja na njia ya kutofanya mradi kabisa. Sura hiyo ikiwa nyembamba, najua uamuzi ulifanyika wapi. Kisha naangalia tarehe za utafiti wa uwandani. Hili la tarehe ni letu sisi wa bondeni. Watafiti wengi hupenda kuja Agosti na Septemba kwa kuwa barabara ni kavu na gari linafika. Agosti, bonde hili ni nyasi na nyufa za udongo, na mtu anaweza kuchora mstari wa bomba kutoka Signali hadi ng'ambo ya mto bila kulowesha kiatu. Masika yanapofika ni ziwa. Kabla ya daraja la Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, kuna miezi ambayo hata kivuko kilikuwa cha kumwomba Mungu, na wazee wa Kindamba walikuwa wakipiga kafia mitumbwi juu ya mahali ambapo miezi sita kabla walikuwa wakivuna mpunga.

Siku wakija tena, na mikoba yao na vifaa vyao vya kupimia, watakaribishwa, wageni hapa hawalali njaa. Ila waje Aprili. Waje kabla hawajachora kitu, wapande mtumbwi pamoja na Mndamba mmoja anayeujua mto, na wamwonyeshe kwa kidole wanapotaka kulipitisha bomba lao.